Mutoto Mwenye Alipita Mbele ya Bendera

Beni, tarehe 8 Oktoba 2023

Baba Mukubwa mupenzi,

Bwana asifiwe kwako na kwa Mama Mukubwa Agar. Hapa Beni niko muzima, nakula, nalala, na mvua inanyesha kila mangaribi mpaka hatujue tena viatu ya kukauka ni nini. Maharagi yenu ilifika salama, na viazi pia. Mwambie Mama kama nilipika siku ile ile, na majirani bote balijua kama niko na bazazi Butembo. Wasingya sana, asante.

Nilitaka kukushukuru kwa simu. Ikaita, ikaita. Kijana wenu Delphin ananiambia eti uliifungia ndani ya kabati juu inakusumbua. Baba Mukubwa, wewe na vitu ya siku hizi! Bon, tuandikiane basi kama batu ba zamani. Hii bahasha naitia mukononi mwa chauffeur mwenye anapeleka mbao kwenu.

Sasa neno lenye linanikosesha usingizi. Kwa darasa langu la tatu niko na mutoto mumoja, jina lake Kanyere. Ana myaka tisa. Anaishi na nyanya yake Kavuo, mwenye anachomaka makemba, zile ndizi kubwa, kwa barabara. Balikimbia vita kwao upande wa Mbau, bakaacha shamba ya kakao na kila kitu. Kanyere hasikie. Tangu homa moja mubaya ya utoto hasikie hata kidogo, hata ukipiga ile jante ya gari yenye ni kengele yetu pembeni yake kabisa.

Mwanzo bazazi bamoja balinung'unika, eti mutoto wa hivi atachelewesha bengine. Mimi nikamuweka mbele. Nikafundisha darasa lote kanuni moja: mwenye anataka kusema anyanyue mukono kwanza, ndio Kanyere aone ni nani anasema. Nikisema, ninabaangalia, sigeukie ubao. Rafiki yake Ornella anamugusa bega saa ya kusimama ao ya kutoka, na yeye anajua. Ni vitu vidogo tu, mais darasa imetulia vile sijaona. Hata batoto benye banasikia, sasa ndio banasikia kweli.

Juma iliyopita Ornella alikuwa na malaria, hakukuja. Kanyere akachelewa kidogo. Akaingia kwa mulango wa nyuma, kule kwa vyoo, akaona migongo ya batoto kwa rang, akafikiri tungali tunapanga mistari. Kumbe wimbo wa taifa ulishaanza, bendera iko inapanda. Akakimbia, akakata kiwanja katikati, mbele ya bendera kabisa, anatafuta mustari wetu, kifuko inaruka-ruka mugongoni. Unajua vile inakuwaka: batu bote bamesimama kimya, hata mama wa barabarani ametua beseni yake, na mutoto mumoja anakimbia. Kulikuwa askari babili inje. Mumoja akaingia kuuliza ni masomo gani hii yenye inafundisha batoto kuzarau bendera.

Directeur Edmond akaogopa. Namuelewa, wakati huu kila mutu anaogopa. Mais alimufukuza Kanyere mbele ya bote. Eti akae kwa nyanya yake mpaka comité ya bazazi itaamua.

Baba Mukubwa, Edmond alikuwa mwanafunzi wako. Mpaka leo akitaja jina lako anajifunga vifungo ya shati. Umuandikie barua moja tu, umuambie mutoto hakuzarau. Atakusikia wewe.

Mutoto wako,
Joyeuse


Butembo, tarehe 22 Oktoba 2023

Mwanangu Joyeuse,

Neema na amani zikae nawe. Barua yako ilifika na doa la mafuta ya gari kwenye pembe, lakini nimeisoma yote mara mbili. Mama yako anakusalimu sana. Kuku wake wanataga vizuri, na Delphin anauza mapazia yake sokoni na bado hatuonyeshi mchumba. Ukimpata wa kufaa huko Beni, utuambie.

Mimi nimeacha kuongoza kwaya. Usishangae. Vijana wa leo wanaimba chini chini. Sauti ya nne haitoki kabisa. Nikiwaambia wapaze sauti, wanatazamana. Basi nimewaachia. Mchungaji mpya naye anahubiri kama mtu mwenye embe mdomoni. Hata mama yako, baada ya miaka yote ya ndoa, ameanza kunisemesha akiwa amenipa mgongo. Sijui watu wamepatwa na nini, hakuna anayefungua kinywa.

Kuhusu mtoto wako wa darasa la tatu, ninamhurumia. Unavyomfundisha ni vizuri, na nimefurahi kuona kwamba jasho langu juu yako halikupotea. Lakini nimepandisha bendera maisha yangu yote ya kazi. Bendera ikipanda, hata mwenye mzigo kichwani anasimama. Edmond alijifunza hayo kwangu, na sikumfundisha kwa upole. Nikimwandikia leo kwamba amekosa, atajiuliza ni Éliakim gani huyu.

Tena nikuambie kitu, usikasirike. Mtoto wa namna hiyo anahitaji pahali pake. Huku mjini kuna nyumba za kufundishia watoto kama yeye. Kati ya wenzake wanaosikia ataishi kwa haya tu. Watu watacheka, hatajua wanacheka nini. Watamjibu, hatajua wamejibu nini. Afadhali akae pembeni kwa heshima yake. Ninajua ninachosema.

Mama yako anakutumia sabuni na unga wa muhogo. Ule ushibe, umekonda kwenye ile picha.

Baba yako mkubwa,
Éliakim


Beni, tarehe 29 Oktoba 2023

Baba Mukubwa,

Nakusalimia wewe na Mama. Unga ulifika, sabuni pia. Ornella alipona.

Jibu lako nimelisoma na ninaliheshimu. Butembo ni mbali kwa Kavuo. Kwa batu bote benye alikuwa nabo Mbau, alibakia na huyu Kanyere peke yake, na usiku analala amemushika nguo. Huwezi kumuambia amutume mahali kwa gari.

Kanyere anakuja kila asubui. Haingie. Anasimama inje kwa dirisha yetu, lile halina mbao, ana kopi yake juu ya ukuta na anaandika. Ninaandika maneno makubwa kwa ubao ndio ayaone. Directeur anapita, anajifanya haoni. Mvua ikinyesha anaenda.

Uliandika eti mwenye hasikie ataishi na haya kati ya benye banasikia. Ni nani alikuambia vile? Si Kanyere. Kanyere hana haya hata kidogo: juzi kwa dirisha alituiga vile Directeur anatembea na tumbo mbele, darasa ikaanguka na kicheko, na mimi pia.

Sitaandika kwa muda. Kuko mitihani.

Joyeuse


Butembo, tarehe 26 Novemba 2023

Mwanangu mpenzi,

Ni karibu mwezi sasa sina neno lako. Najua una mitihani. Najua pia ukikasirika unavyofanya, kwa maana ni mimi niliyekulea baada ya baba yako kutuacha, na hasira hiyo uliichukua kwake. Alikuwa akinuna huku anafagia uwanja mzima bila kuambiwa. Bila shaka nyumba yako ni safi sana siku hizi.

Mama yako amekufumia sweta, ya kijani. Mikono ni mirefu kidogo, kunja. Huku baridi imezidi na viazi vimeshuka bei. Tuko salama.

Mimi nilikuwa na kashida kadogo jioni moja. Nilitoka kununua misumari ya kibanda cha kuku, nikapita karibu na ofisi moja ya serikali, nikakutana na polisi wawili. Tukakaa pamoja mpaka Delphin akaja, tukarudi naye nyumbani. Vijana wazuri, walinipa benchi. Si neno la kukusumbua, nakuambia tu ili usilisikie kwa mwingine likiwa limevimba.

Yule mtoto, bado anasimama dirishani? Siku ile walipomfukuza, alifanya nini? Alilia? Nauliza tu.

Baba yako mkubwa,
Éliakim


Beni, tarehe 10 Desemba 2023

Baba Mukubwa wangu,

Sweta iko juu yangu hivi naandika. Mama asikunje roho juu ya mikono, nimeikunja, inapendeza. Na ndiyo, nyumba ni safi.

Delphin alinipigia. Usimukasirikie, ni mimi nilimubana. Alinieleza yote. Saa ya kushusha bendera filimbi ikalia nyuma yako, batu bakasimama, bamotari bakazima pikipiki zao, na wewe ukaendelea njia yako na misumari yako mukononi. Polisi akaita, akaita tena, mpaka mama wa mikate akaficha beseni. Bakakufuata bakakushika. Bakakuuliza juu ya nini unazarau bendera ya inchi. Na wewe, Mwalimu Éliakim, mwenye ulinifundisha kuikunja bila iguse udongo, ukanyamaza! Hukutaja masikio. Ulikubali bakuite mutu wa kuzarau.

Nililia, Baba Mukubwa. Halafu nikacheka kidogo, unisamehe, ni juu ya ile misumari yenye ulikatala kuachia.

Tunajua. Mama anajua, kwaya inajua, na mimi nilijua tangu ulifungia simu ndani ya kabati. Hakuna mwenye alikuambia, juu tulikuheshimu, na sasa naona ile heshima ilikuacha peke yako. Mama hakupi mugongo. Anasema vile alisemaka siku zote.

Umeuliza kama Kanyere alilia. Hapana. Alitutazama midomo, mumoja mumoja, anatafuta kujua alikosa nini, na hakuna mwenye alimuonyesha. Nyanya yake ndiye alimueleza nyumbani, na kitambaa na kijiti. Pale ndio alilia. Wewe ungesema neno moja tu kwa polisi, bangekuacha. Yeye hana hata lile neno.

Comité ya bazazi itakutana Jumamosi tarehe 13 ya Januari, nyuma ya sikukuu. Bamoja banataka afutwe kabisa kwa masomo. Sikuombi barua tena. Nakuomba ukuje.

Mutoto wako mwenye anakupenda, na mikono imekunjwa,
Joyeuse


Butembo, tarehe 31 Desemba 2023

Mwanangu,

Mwaka unaisha leo, na Mungu atupe mwingine ulio mwema. Nyumbani hatujambo. Tulikula kuku wawili siku ya Krismasi. Mama yako aliwalilia kidogo, kisha akala paja.

Barua yako niliiweka chini ya Biblia na nikakaa nimemnunia Delphin juma zima. Yeye akanunua betri za redio akaziweka mezani bila neno. Ile redio nimekuwa nikisema imeharibika. Kijana ana adabu kuliko nilivyodhani.

Haya. Sisikii. Sikio la kushoto limekwisha kabisa. La kuume linanipa mingurumo tu, kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta. Ni mara ya kwanza naandika neno hili. Kwa karatasi linatoka. Kwa kinywa lilikataa hata pale kwenye benchi ya polisi. Nilifikiri hivi: mwalimu mkaidi watamwogopa kidogo, mzee kiziwi watamsemea kwa mikono kama mtoto mchanga, na kesho Butembo yote itajua. Nikachagua ukaidi. Ni upumbavu, Joyeuse, lakini wakati ule niliona ni heshima.

Krismasi niliimba na kanisa. Nilimaliza ubeti peke yangu, wao walikuwa bado katikati. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwenye benchi ile nilimkumbuka mtoto wako akitazama midomo ya watu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Niliona aibu mbele ya mtoto ambaye sijawahi kumwona.

Nitakuja. Usimwambie Edmond. Na uniwekee kiti mbele, upande wa kuume.

Éliakim


Butembo, tarehe 21 Januari 2024

Joyeuse mwanangu,

Nimefika salama, mifupa tu inalalamika kwa sababu ya mashimo ya barabara. Makemba ya Mama Kavuo tuliyala mimi na mama yako usiku ule ule. Anauliza huyo bibi anatia nini kwenye pilipili yake.

Sasa nina ombi, na usinicheke. Kwenye mkutano nilisimama nikasema yangu. Nikaona midomo inaenda. Nikamwona Edmond anapangusa uso, mama mmoja anasimama, mtu anashikwa kiwiko cha mkono kule nyuma, mwishowe makofi. Wewe ulinionyesha kidole gumba, nikajua tumepata. Lakini maneno yenyewe hayakunifikia. Nilikuwako, na sikuwako.

Niandikie mkutano kama unamwandikia mtu ambaye hakuja. Usipunguze kitu. Kama kuna aliyenicheka, mwandike naye. Kisha uniambie lile jambo la kamba ya bendera lilikwendaje Jumatatu, maana ilinibidi nipande gari Jumapili na roho yangu ilibaki kwenye kiwanja chenu.

Baba yako mkubwa


Beni, tarehe 4 Februari 2024

Baba Mukubwa mupenzi sana,

Tuko bazima. Kavuo anasema pilipili yake ni siri, mais Mama akikuja mwenyewe atamuonyesha. Barua hii inachelewa juu chauffeur wa mbao alikuwa mugonjwa, na sikutaka kuipa mutu mwengine.

Haya, mukutano. Ulikuwa ndani ya darasa la sita, bazazi bamebanana kwa mabenchi ya batoto, magoti juu. Directeur alipokuona unaingia akasimama, akajifunga kifungo cha shingo, akakupa kiti yake. Hiyo uliiona. Halafu akaeleza habari ya Kanyere bila kutazama mahali yako. Alisema askari alirudia tena mwezi wa kumi na moja kuuliza, na yeye ana batoto bengi ba kulinda.

Manassé, ule mwenye kofia, presida wa comité, akasema bendera si mucheze. Eti kama tunamurudisha, basi akuwe anakuja nyuma ya wimbo, bote bakishaingia. Bengi bakaitika. Kavuo akainamisha kichwa. Mimi nikanyanyua mukono nipate kusema.

Pale ndio ulisimama. Baba Mukubwa, hujue vile ulisema kwa nguvu! Batoto ba inje bakakimbilia dirisha kuona ni nani anapigana. Ulisema: «Mimi ni Éliakim, nimefundisha Edmond huyu. Mwezi wa kumi na moja nilipita mbele ya bendera kule Butembo, nikakamatwa. Mimi ni kiziwi. Kama mtoto huyu amedharau, basi tumedharau wawili, mtufukuze wawili.»

Mutu mumoja wa nyuma akacheka, juu ya sauti yako tu, si juu ya neno. Muke wake ndiye alimufinya kiwiko. Namuandika vile uliomba.

Sasa sikia hii. Manassé akauliza: «Mzee, na kama askari anarudia kesho, tutamuambia nini?» Hukumusikia. Ulikuwa umevuta pumzi, unaendelea na yako, na ukasema: «Mpeni yeye kamba. Mwenye kupandisha bendera hawezi kupita mbele yake.» Batu bote balifikiri umemujibu Manassé! Na yeye pia. Akavua kofia akasema, «Basi, amenijibu.» Hata leo hajue.

Directeur alipangusa uso, ndiyo, juu alikuwa analia. Alisema: «Nilimufukuza mutoto juu ya woga wangu. Bendera haikuniomba vile.» Na ule mama mwenye ulimuona anasimama ni Kavuo. Aliniomba nimutafsirie juu Kiswahili yake inaisha haraka akiwa na uchungu. Alisema kwa Kinande kama Kanyere ukimuonyesha kitu hakipotei tena, ni kumuonyesha tu, na kwa masomo hii hakuna mwenye alimuonyesha wimbo ni nini. Halafu akasema huyu muzee atakula kwake. Makofi ilikuwa ya Kavuo na ya kwako, sijui namna ya kuigawanya.

Jumatatu. Tulimufundisha Jumapili yote nyuma ya ibada, mimi, Ornella na Directeur mwenyewe. Asubui Kanyere akashika kamba, nguo imepigwa pasi, nyanya yake kwa lango, moto ya makemba yake imezimwa. Wimbo ukaanza. Baba Mukubwa, akavuta kama mutu anateka maji! Hatujamaliza hata mustari wa pili, bendera iko juu kabisa, inatungojea. Tukaimba yote mpaka mwisho na Kanyere anatutazama, anashangaa juu ya nini tunachelewa. Directeur alikohoa mpaka machozi.

Jumanne nilisimama mbele yake, nikashusha mukono wangu polepole vile wimbo unaenda, naye akafuata mukono. Sasa anafika na neno la mwisho, siku zote. Na tumeongeza kitu: wimbo ukianza, mutoto wa kwanza wa kila mustari ananyanyua mukono juu, ndio kila mwenye anaingia kwa mulango wa nyuma aone. Na wakati wa jante tunapunga kitambaa cheupe. Kuko mutoto mwengine wa darasa la kwanza, tulifikiri ni muzembe. Kumbe naye anafuata kitambaa. Sasa tunamuangalia vizuri. Ule askari alipita, akasimama, akatazama bendera inapanda, akaenda zake.

Nilibakiza moja. Kanyere amekupa jina. Mukono mumoja unasimama wima kama mulingoti, na vidole viwili ya mukono mwengine vinatembea mbele yake: muzee mwenye alipita. Hana ubaya. Yeye mwenyewe anaitwa vile vile, na vidole vifupi. Kila Ijumaa ananiuliza wewe utarudia lini.

Mutoto wako,
Joyeuse


Butembo, tarehe 18 Februari 2024

Mwanangu Joyeuse,

Salamu nyingi kutoka nyumba ambayo leo imejaa kicheko. Nilicheka juu ya Manassé mpaka mama yako akaja mbio akidhani nimepaliwa. Usimwambie mtu yule ukweli, umwache na jibu lake. Nimesoma mkutano wangu mara nyingi, na sasa nilikuwako kabisa.

Nilirudi kwa kwaya. Sikurudi kuongoza: nimeomba nisimame karibu na ngoma, kwa maana naisikia kwa miguu. Niliwaambia sababu. Kijana mmoja akasema, «Mwalimu, tulikuwa tunangoja uturuhusu kujua.» Alikuja karibu, akafungua kinywa vizuri, nikalipata lote. Nimewaona vijana hawa vibaya mwaka mzima, nao walikuwa wananitunzia heshima yangu.

Mama yako alitaka tangu zamani kuniambia kwamba sisikii, nami sikumpa nafasi ya kulisema. Sasa jioni tunatembea pamoja. Tukikaribia ile ofisi ananishika mkono. Filimbi ikilia anaminya, nasimama, nageuka, natazama bendera ikishuka. Ikikwisha anaachia. Juzi mmoja wa wale polisi alinitambua akaniamkia. Nikagusa sikio langu nikatikisa kichwa. Akaelewa, Joyeuse. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu, na mimi nilikaa benchini kwa ajili ya kuliogopa.

Mwambie Kanyere nimelipokea jina lake. Mwambie ninalionyesha kila mtu, na Delphin amelijua tayari. Mwambie pia kwamba muzee mwenye alipita sasa anasimama. Wakati wa likizo ya Pasaka nitakuja na mama yako. Anifundishe mengine, yale ya mezani kwanza: chumvi, maji, ongeza, nimeshiba, nakupenda. Hilo la mwisho nataka kulijua kabla sikio la kuume halijafuata la kushoto, maana kuna mtu humu ndani ambaye sikumwambia vya kutosha nilipokuwa bado nasikia akinijibu.

Naacha hapa. Chakula kiko mezani, mama yako ameniita. Najua, kwa sababu mkono wake uko begani kwangu.

Éliakim